Walii wa Kilo Mia na Ishirini na Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimelazwa. Wodi ya wanaume, hospitali ya binafsi huku Visiga, kitanda cha dirishani. Dirisha nimelipata kwa akili. Nilimwambia nesi kwamba nikikaa mbali na hewa napata kizunguzungu. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, ikamchukua muda, akasema haya.

Kesho napasuliwa. Kuna kivimbe kimeota kwenye ukuta wa tumbo la chakula, kikubwa kama ndimu, na kinavuja damu. Ndiyo maana tangu mwezi wa tano choo changu ni cheusi kama lami, na nikibeba godoro moja tu dukani naona nyota. (Nauza magodoro Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, mwaka wa kumi na tisa huu.) Daktari Faraji anakuja kutoka Dar na mitambo yake mara mbili kwa mwezi. Huyu hachani mtu kwa kisu kirefu. Anatoboa matundu matano, anaingiza kamera, anakata kivimbe pamoja na kipande cha tumbo, anashona, basi. Nikamuuliza mtu wa matundu analala siku ngapi. Akasema mtu wa kawaida siku nne au tano, ila kwa mwili wangu asingependa kuahidi. Nimeandika: nne.

Maana Jumapili tarehe kumi, baada ya swala ya Adhuhuri, namuoza mwanangu Zuwena nyumbani kwetu Kisarawe. Binti yangu wa pekee. Kutoka Jumanne mpaka Jumamosi ni siku nne. Hesabu imekaa sawa kabisa. Daktari sijamgusia habari ya harusi. Ukimwonyesha daktari kwamba una haraka, anaingiwa na woga.

Mwezi uliopita alinitaka nipunguze kula wiki mbili kabla ya kupasuliwa, eti ini lisinyae apate pa kupitia. Nilitii. Niliacha sukari kwenye chai ya jioni. Mengine niliongeza, kwa sababu siku za kufunga zinakuja na msafiri hujifungia masurufu. Mafuta ni akiba! Mwenye gunia la mchele stoo haulizi mvua itanyesha lini.

Nimepimwa. Kilo mia na ishirini na saba. Nilijaribu kuegemea kidogo ukingo wa meza, Sista Eugenia akautoa mkono wangu. Huyu ndiye nesi wa zamu. Mdogo wa umbo, macho makali. Itabidi nimzoee.

Kitanda cha pili yuko Bwana Anselmi, mstaafu wa idara ya ardhi, mtu wa Bukoba, makazi yake Tangini. Ugonjwa uleule, daktari yuleyule, siku ileile. Kilo hamsini na sita! Nimemwonea huruma sana. Mtu huyu atapona kwa kutumia nini?

Hashiru amepiga simu. Mdogo wangu. Sauti tamu kama ya mtu anayekuja kukopa. Eti kaka, kwa tahadhari tu, niandikie uwakili, endapo hutatoka nimuoze mtoto kwa niaba yako. Kwa tahadhari! Huyu ndiye aliyewashukuru watu kwenye msiba wa marehemu baba kwa dakika arobaini mpaka ubwabwa ukapoa. Akikaa yeye mbele ya sheikh na kumshika bwana harusi mkono, bwana harusi hataupata tena mkono wake. Nimemjibu kwamba walii wa bibi harusi ni baba yake, yupo, yu hai, na Jumapili atakuwepo.

Jumanne, 5 Agosti

Saa mbili asubuhi. Wanakuja na kitanda cha magurudumu. Nimemwambia mke wangu Mwanaamina mambo mawili. Funguo za stoo ziko kwenye kopo la karafuu. Na nikifa, Hashiru asishike kipaza sauti.

Jumatano, 6 Agosti

Nipo! Matundu matano, kila moja na plasta yake. Manne madogo kama kucha. La tano, chini ya kitovu, ni refu kidogo, ndiko kivimbe kilikotolewa.

Linauma bega. Wamenipasua tumbo, linauma bega! Nikamuuliza Sista Eugenia kama waliniangusha. Akasema asingekuwepo mtu wa kuninyanyua. Ni hewa waliyoijaza tumboni ili kamera ione vizuri, ndiyo inayopanda kusumbua bega. Itaisha yenyewe.

Daktari Faraji amepita. Anselmi alimpasua kwa saa mbili, mimi kwa saa nne na robo. Nilifurahi, kazi kubwa hailingani na kazi ndogo. Akasema sivyo. Muda wote ule alikuwa anatafuta njia katikati ya mafuta, na vyuma vyake nusura viwe vifupi.

Halafu akaketi kitandani kwangu akanieleza taratibu. Mtu mnene akilala chali, tumbo linayasukuma mapafu, sehemu ya chini haifunguki, makohozi yanatuama, homa inaingia. Damu ya miguuni nayo inalala, inaweza kuganda, na donge likipanda kifuani mtu anaondoka anazungumza. Na mafuta yaliyo chini ya ngozi yanapata damu kidogo, kwa hiyo kidonda chake ni kizito kupona. Bahati yangu ni matundu. Ningechanwa kwa kisu kirefu, kidonda kingenikalisha hapa mwezi mzima. Kwa hiyo dawa ni kuamka. Mizunguko kumi ya korido kila siku. Kuna na kidude cha plastiki chenye mipira mitatu, unavuta pumzi mpaka mipira ipande, kila saa. Soksi za kubana. Sindano ya tumboni kila jioni ya kuzuia damu kuganda.

Nilimsikiliza kwa adabu zote. Kijana mzuri, amesoma. Lakini anamfundisha nani habari za kulala? Mimi nimewalaza watu wa Kibaha kwa miaka kumi na tisa. Mwili uliokatwa unataka utulivu, na utulivu unataka godoro. Hili lao ni bovu, lakini nitavumilia.

Saa tisa alasiri Anselmi alikuwa ameshashuka kitandani. Anatembea koridoni na dripu yake pembeni, hatua kwa hatua, kama anapima kiwanja.

Kuna swali moja hapa linaulizwa kila wanapopita. Umejamba? Hadharani! Mbele ya wakwe za watu! Maana yake ni kwamba tumbo limeamka, na ukishajamba unapewa uji. Anselmi amejamba saa kumi jioni na kutoa taarifa mwenyewe kwa sauti ya kikao. Mimi bado. Sina haraka. Yeye hana cha kubakiza ndani.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nimetengeneza mambo matatu kwa mpigo. Nayaandika kwa mpangilio, maana kuna siku watu watataka kujua nilivyofanya.

La kwanza, korido. Mwisho wa korido ukutani kuna karatasi yenye majina ya waliopasuliwa. Ukimaliza mzunguko unaweka alama na kalamu iliyofungwa kamba. Hakuna anayelinda! Na Anselmi ni mtu aliyejaza fomu miaka thelathini na nne, mkono wake unaikosa kazi hiyo. Nikamwomba kistaarabu kwamba kwa kuwa anapita pale, aniwekee na mimi. Akasita. Nikamwahidi mito miwili ya sufi akitoka. Akafikiri, akasema katika utumishi wake hajawahi kupokea kitu cha mtu, lakini mto si kitu, mto ni mapumziko.

La pili, mipira. Mwanaamina alipokuja kunitazama nilimpa kidude akivute. Mipira yote mitatu ikapanda ikagonga juu! Mwanamke ana mapafu, na mimi nayajua, nimeishi nayo.

La tatu, lile swali. Daktari wa zamu alipouliza nikasema ndiyo. Akauliza saa ngapi. Nikasema alfajiri. Akauliza kwa sauti? Nikasema kwa heshima. Akaniandikia uji mwepesi, vijiko vitano kila saa. Vijiko vitano ni vya mtoto wa kunyonya, kwa hiyo Mwanaamina alipokwenda kuswali niliifungua chupa ya supu ya kuku aliyokuwa amembebea mama mmoja mgonjwa wa wodi ya pili. Nilikunywa yote. Nitamlipa kuku mzima.

Jioni.

Mambo yameharibika kidogo. Tumbo limejaa kama ngoma. Nilitapika mara tatu. Joto limepanda thelathini na nane na pointi tisa. Wamenipitisha mrija puani mpaka tumboni, na supu imerudi yote, nimeiona kwenye mfuko. Daktari wa zamu akaenda kusoma karatasi ya korido. Kwenye jina langu, Zahoro: mizunguko thelathini na moja. Anselmi alipitiliza, mtu akipenda kazi yake hajui kusimama. Daktari akanisikiliza mgongoni muda mrefu, akasema aliyetembea mizunguko thelathini na moja hapumui kama kuku aliyebebwa kichwa chini. Akamgeukia Anselmi. Anselmi akakiri kabla ya kuulizwa! Akataja mpaka idadi ya mito.

Mwanaamina naye, kumbe, alishamwambia Sista Eugenia kuhusu mipira tangu mchana. Nimezungukwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nje watu wako kwenye maonyesho ya wakulima, humu kimya. Mrija umetolewa. Homa imeshuka kidogo, bado ipo. Nimelazimishwa kuvuta mipira mbele ya Sista Eugenia. Ulipanda mmoja, nusu. Akasema tutaanzia hapo.

Tatizo jipya. Lile tundu la chini ya kitovu liko palepale tumbo langu linapojikunja, na mkunjo una joto na jasho. Asubuhi nililichungulia kwa kioo cha Mwanaamina. Limekuwa jekundu na linatoa maji ya rangi ya chai. Nikajua wakiliona, sitoki. Na kesho ndiyo siku ya nne!

Nikatumia akili. Mwanaamina alikuwa ameacha mkoba wake wenye vitu vya Jumapili. Ndani poda na kichupa cha udi. Nikafuta tundu kwa pamba, nikalipaka poda, nikairudisha plasta, na juu ya plasta nikadondoshea udi kuua harufu. Kazi safi. Nilijipongeza.

Saa nne Sista Eugenia akaingia, akasimama mlangoni, akanusa. Akauliza nani anaoa humu. Anselmi akaangalia dari. Nikasema ni upepo wa nje. Akaja moja kwa moja, akafunua shuka, akabandua plasta. Akasema katika miaka kumi na moja ya kazi amekutana na vidonda vya kila aina, lakini hiki ndicho cha kwanza kilichojiandaa kwenda harusini.

Daktari Faraji akaja mwenyewe. Akafungua nyuzi mbili, akakamua, akasafisha, akajaza shashi. Usaha umeshaanza. Akasema ndiyo yale aliyoniambia kuhusu mafuta, na poda imeongeza. Kitasafishwa kila siku na siendi popote mpaka Jumanne.

Hapo ndipo nikamwambia kuhusu harusi. Ilinitoka tu. Akaketi. Akauliza kwa nini sikumwambia mwezi uliopita, kwa sababu kivimbe kile kingeweza kutulizwa kwa dawa wiki mbili, kisha anipasue baada ya harusi, taratibu, nikiwa nimeshapungua. Wiki mbili! Nilijifanya natafuta miwani.

Saa za kutazama wagonjwa akaja Hashiru. Kanzu mpya, joho mkononi. Alikuwa anapita tu, akasema, ametoka kwa fundi. Alimsalimia Anselmi kwa mkono na hakuuachia upesi. Nikaona midomo inamcheza. Anafanya mazoezi! Nikafumba macho nikakoroma mpaka akaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Anselmi ameruhusiwa. Siku nne kamili. Kilo hamsini na sita, na mkoba wake ameubeba mwenyewe! Nimempa mkono wa heri kwa moyo mgumu.

Hajafika mlangoni wazo likanijia. Uwakili! Walii akiwa na udhuru anamteua mtu mwingine. Nani alisema lazima awe Hashiru? Ni mtu yeyote ninayemwamini. Anayeweza kusoma. Mwenye pumzi. Asiyetaka kipaza sauti. Nikamwita Anselmi arudi.

Alinisikiliza, machozi yakamlengalenga. Alisema ni heshima kubwa. Akaomba karatasi, akaandika barua ya uwakili kwa mwandiko wa kupendeza, nakala tatu, tarehe juu kulia. Tukasaini. Mwanaamina tulimwomba awe shahidi, akasaini huku amejiziba mdomo kwa ushungi. Nikampigia Sheikh Husseini wa Kisarawe, ndiye anayefungisha ndoa. Akafurahi kusikia jambo limetatuliwa. Akauliza jina la wakili ili amwandike. Nikasema Anselmi. Akauliza Anselmi bin nani. Nikamgeukia mwenyewe, akasema bin Laurenti, na kwamba kigangoni kwao yeye ndiye mweka hazina.

Sheikh akasema Mzee Zahoro, punguza hizo dawa wanazokupa.

Siku tano nimelala hatua mbili kutoka kwenye rozari iliyoning'inia kitandani na halikunipitia akilini kwamba muozeshaji wa Kiislamu awe Mwislamu! Anselmi alisikitika kweli, akauliza kama kuna ngazi ya rufaa. Mwanaamina alicheka mpaka akatoka nje. Alijua tangu mwanzo. Alitaka kuona tutafika wapi.

Basi nikaghadhibika. Nikampigia Hashiru nikamwambia hakuna uwakili na hakuna harusi, wageni watangaziwe, ndoa mpaka nitoke.

Saa saba akaja Zuwena. Ana hina mikononi, imekauka. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akavuta kiti. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alisema chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na tangu mwezi wa tano kila siku anasikiliza ninavyopumua nikipanda ngazi tatu za mlangoni. Kwao Seif, mchumba wake, walitaka harusi iwe Desemba. Ni yeye aliyeomba iwe Agosti. Aliogopa kwamba ikifika Desemba hatakuwa na baba wa kumuoza.

Sikulijua hilo. Mimi nilidhani ni haraka ya mapenzi, nikawa nawatania. Nimelia. Kulia kunauma matundu yote matano kwa pamoja. Akasema baba mdogo akimuoza hatakasirika, kheri baba aliye hai kitandani. Ila anaomba kitu kimoja, mwanawe atakapozaliwa amkute babu. Nikamwapia palepale kwamba kuanzia leo kila agizo la daktari nitalifuata neno kwa neno.

Yeye mwenyewe akaenda kuzungumza na Daktari Faraji. Akarudi na masharti. Homa isiwepo kesho saa mbili asubuhi. Leo nitembee mizunguko kumi, miguu yangu mwenyewe, Sista Eugenia akiwa ubavuni. Mipira kila saa. Nikitimiza, napewa ruhusa ya muda wa saa tano, kwa gari, Sista Eugenia akiandamana nami, nirudi kabla ya magharibi.

Nikatembea.

Mzunguko wa kwanza nilidhani nakufa. Wa pili nilitamani. Wa tatu nikakohoa kitu nilichokuwa nakilalia tangu Jumatano, na kifua kikawa chepesi ghafla. Wa saba, tukipita mbele ya wageni wa wodi ya wanawake, tumbo likaamka. Kwa sauti. Bila heshima yoyote! Sista Eugenia akatazama saa akaandika. Korido nzima ikapiga makofi. Sijapigiwa makofi namna ile tangu nizaliwe, na sikuona aibu hata kidogo. Wa kumi nilimaliza nimemwegemea yeye, ambaye hanifiki begani, na hakuyumba.

Jioni mipira miwili ilipanda. Miwili!

Jumapili, 10 Agosti

Homa hakuna! Wamenipima mara mbili kwa sababu nilishukiwa.

Tulipanda Noah ya jirani yangu wa dukani, tukakatia njia ya Kiluvya. Kila tuta la barabara lilihesabu matundu yangu. Tumefika Kisarawe watu wameshajaa barazani, na pale mbele ya Sheikh Husseini, juu ya mkeka, nani kaketi? Hashiru! Eti alikuwa ananishikia nafasi. Aliinuka polepole sana. Nikakalishwa kwenye kiti, maana mkeka ningeukalia nisingetoka.

Sheikh akasoma hotuba ya ndoa. Nikaushika mkono wa Seif, mkono mgumu wa fundi umeme. Sentensi yangu ninayo tangu mwezi wa sita. Nimekuoza mwanangu Zuwena binti Zahoro kwa mahari mliyoafikiana. Maneno manane tu. Nikaanza. Nikafika Zuwena, pumzi ikaisha. Ikaisha kabisa! Mdomo umefunguka na hakuna kinachotoka. Na kushoto kwangu nikamsikia Hashiru ameshaanza kumalizia, binti Zahoro kwa mahari, kwa ile sauti ya msibani. Sheikh akainua kidole. Sentensi ina mwenyewe, akasema.

Nikaanza tena. Nikafika kwenye mahari, kikohozi. Watu wakainamisha vichwa. Nilimwona Mwanaamina mlangoni kwa wanawake, ameshika kitambaa cha mlango. Nilimkasirikia kila mtu. Nilijikasirikia na mimi. Nikawaza nimekuja mpaka hapa kumuoza mwanangu nusu.

Ubavuni kwa Mwanaamina alisimama Sista Eugenia, kajitanda kanga ya kuazima. Akaniinulia vidole vitatu. Mipira! Nikafumba macho nikavuta, pole pole, mpaka kule chini ya kifua kulikofunguka jana koridoni. Nikashika. Nikaachia. Nikasema yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sauti ikafika ndani. Seif akasema nimekubali kumuoa. Vigelegele! Sijawahi kufurahi namna hii, hata siku ya ndoa yangu mwenyewe. (Mwanaamina asisome hapa.)

Zuwena alipotolewa nje alinishika kichwa akanibusu kofia. Nikampapasa mkono wenye hina, pumzi zote nilishazitumia.

Sinia la pilau limepita mbele yangu. Nimelinusa tu. Ahadi. Hashiru alipewa kipaza sauti kutoa shukrani, na tulipoondoka shukrani zilikuwa zimefika kwa babu mzaa baba.

Jumanne, 12 Agosti

Nimetoka! Naandika nikiwa kwangu, juu ya godoro la maana.

Daktari Faraji ameleta majibu asubuhi. Kivimbe si saratani. Alhamdulillahi! Mapafu yamefunguka, kidonda kinajaza nyama safi, kitasafishwa kwenye zahanati hapa jirani. Akasema niliyoyafanya Jumamosi kwenye ile korido ndiyo yaliyoniokoa, na nisipopungua kilo ishirini atanikuta tena. Nikamweleza kwa upole alipokosea. Siku tano bila chakula, halafu mtu anasimama harusini! Au anaketi. Hiyo ni akiba, hakuna jina jingine. Akajishika kichwa. Nadhani anafanya kazi nyingi mno.

Kisha akanipa karatasi ya maagizo. Kwa kuwa tumbo limekatwa, ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku.

Mara sita! Nimeisoma mara tatu. Mimi katika uzima wangu wote nilikuwa nakula mara tatu, siku za Idi nne. Na huyu ndiye aliyekuwa anasema nipunguze! Mwanaamina anasema kuna maneno mengine kabla ya hayo. Nimemjibu kwamba kidogo ni maoni, kila mtu ana kidogo chake, lakini sita ni sita. Nilimwapia mtoto neno kwa neno. Ahadi ni deni.

Nimeanza leoleo. Saa moja uji wa ulezi na mayai. Saa tatu mtori. Saa sita wali wa nazi na kuku. Saa nane nilikuwa nimeshiba kabisa, tumbo linavuta kwenye nyuzi, lakini nilijilazimisha viazi vya nazi. Mgonjwa asiye na nidhamu haponi. Sasa nangoja ya tano.

Zuwena amepiga simu kutoka kwa mumewe. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli nafuata maagizo ya daktari. Nikamwambia wallahi, mwanangu, sijaruka hata moja. Alifurahi mpaka akalia.